Bunduki ya Mbao Iliyojaa Upepo

Iko asubuhi moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo hainitoki, na leo imenirudia nilipoona umelifunika hilo dude lako kwa turubai kule uani. Usishtuke, sijalifunua. Nilitamani, sikufichi. Nilizunguka mara mbili, nikachungulia waya zile, nikajiuliza huyu anatengeneza nini. Lakini kaa kwanza hapa unisikilize.

Enzi za Ujamaa nilikuwa kijana wa miaka ishirini, fundi baiskeli pale Kariakoo. Kazi nilifanyia kwenye baraza ya nyumba tuliyopanga, nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma. Chumba kimoja tulikaa mama, mimi na dada yangu Mwanaidi, huyu huyu shangazi yako. Chumba cha mbele alikaa Elia, kijana wa Kichaga aliyeuza katika duka la mjomba wake. Mtu mpole yule, hata mbu alikuwa akimfukuza kwa adabu.

Basi siku moja, nikijaza tairi, nikaziba mdomo wa pampu kwa kizibo cha chupa nione kitatokea nini. Nikasukuma kwa nguvu zote. Paa! Kizibo kikavuka barabara, kikagonga debe la muuza mafuta ya taa. Yule bwana alinitukana, lakini mimi wala sikumsikia. Nilikuwa nimeduwaa na pampu yangu mkononi. Upepo! Huu huu unaonipuliza kila siku, nami sikuwahi kuuliza una nguvu kiasi gani. Tangu hapo hata chakula nilikula bila kujua ninakula nini.

Sasa wakati ule vijana wa mtaa, wanawake kwa wanaume, tulifundishwa mgambo Mnazi Mmoja kila Jumamosi asubuhi. Bunduki za kutugawia hazikuwepo, kwa hiyo kila mtu alikuja na yake ya mbao. Zetu tatu, yangu, ya dada na ya Elia, alizichonga Mzee Shomari, seremala wa mtaa wa pili. Zilifanana kabisa, zimepakwa kiwi nyeusi ya viatu. Afande akisema "Piga!" sote tulivuta kifyatulio cha mbao na kupiga kelele kwa midomo: "Paa!" Hiyo ndiyo ilikuwa risasi yetu. Usicheke bwana, tulikuwa tunapiga kwa moyo.

Nikaiangalia bunduki yangu, nikaona kitako chake ni kinene, kinaweza kubeba kitu. Nikakichimba kwa ndani. Nikaweka kichupa cha chuma cha kutunzia upepo, vali ya tairi kuukuu, bomba jembamba la shaba nililolipata kwa wauza vyuma chakavu wa mtaa wa Gerezani, na springi ya kiti cha baiskeli nyuma ya kifyatulio. Upepo ukivuja huku naziba kwa kipande cha tyubu, unavuja kule. Wiki nzima! Hatimaye mchana mmoja, watu wote wametoka, nikatia gololi ya baiskeli, nikalenga debe bovu kule uani. Gololi ikatoboa debe upande huu ikatokea upande wa pili. Nilifurahi mpaka nikaogopa.

Sikumwambia mtu. Siku zile ukisikika una silaha, mjumbe wa nyumba kumi angekuwa mlangoni kabla chai yako haijapoa. Na nilikuwa na kiburi pia, nikubali tu. Nilikuwa nimeifunga tena vizuri na kuipaka kiwi, na kwa macho huwezi kuitofautisha na zile nyingine. Hilo ndilo lililonipendeza kuliko yote.

Likabaki swali moja: upepo ule utakaa mpaka kesho? Ijumaa alasiri nikaujaza, nikatia gololi, nikaiegemeza ukumbini pamoja na zile mbili. Niliona hakuna maficho mazuri kuliko hayo. Jumamosi, nikiamka tu, ningeichukua mimi kwanza.

Asubuhi akaja mteja na gurudumu lililopinda, ana safari, ananihimiza. Nilipomaliza, dada na Elia walishaondoka. Nikakwapua bunduki iliyobaki bila kuipima, nikatimua mbio hadi Mnazi Mmoja, nikasukumwa mwisho wa mstari. Tulipangwa mistari miwili inayotazamana, kwa kuwa mbao haimdhuru mtu.

"Lenga!"

Nikainyanyua bunduki. Ilikuwa nyepesi.

Nikatazama huku na huku, nikamwona Elia katika mstari uliotutazama, mkono wake umelemewa, kitako kinashuka na yeye anakipandisha. Nikafuata alikoelekeza. Alikuwa anamlenga dada Mwanaidi, aliyesimama mstari wangu huu huu.

Hapa ndipo ninapoona aibu mpaka leo. Muda wa kusema nilikuwa nao. Lakini niliwaza pingu, nikawaza mama atakavyolia. Na lingine, Mungu anisamehe, niliwaza: je, upepo bado umo? Nilitaka kujua, mwanangu. Hata pale!

"Piga!"

Midomo yote ikasema paa, na katikati yake ukasikika mlio mwingine, mfupi na mkavu. Dada akakaa chini, mikono usoni, damu inapita katikati ya vidole.

Elia akaitupa ile bunduki, anapiga kelele, "Ni mbao! Wallahi ni mbao tu!" Mkristo yule anaapa Kiislamu kwa hofu. Afande akamkaba ukosi. Hapo ndipo sauti yangu ilipotoka. Nikasema ni yangu, nimeitengeneza mimi.

Nilishikiliwa mpaka Mzee Shomari na mjumbe walipokuja kunitetea. Mzee Shomari hakunifokea. Aliipindua bunduki, akaifungua, akachungulia muda mrefu. "Hiki kinafanya nini? Na hiki?" Nikamweleza yote. Akatikisa kichwa.

"Kazi nzuri hii, tena sana," akasema. "Lakini mimi niliwachongea mbao, na wenzako waliishika kama mbao. Ulipoibadilisha, ulitakiwa uwaambie unaoishi nao. Wewe umemwacha dada yako aigundue kwa uso wake."

Gololi ilikuwa imempiga dada kwenye mfupa wa shavu, upana wa kidole tu chini ya jicho. Lile kovu unalolijua, analodanganya watu kwamba alianguka juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Nilimkuta nyumbani na bandeji. Ajabu, akaniuliza, "Hebu niambie, huo upepo unakaaje mle ndani?" Nikaeleza huku nalia. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ungesema tu, mdogo wangu. Ningeinama."

Mwanangu, sikukatazi kutengeneza. Uliza, pasua, funga tena, ungua vidole, ndivyo mtu anavyojua. Ila kitu chako kikishaanza kuwa na nguvu, wanaolala nyumba moja nacho wakijue, hata kama utafokewa, hata kama utanyang'anywa. Na ukiona hatari, piga kelele kwanza, mengine utayajua baadaye.

Mungu akuzidishie akili ya mikono, na akupe ulimi usiochelewa. Haya, inuka twende uani ukalifunue. Mwite na shangazi yako aje aone, na mwambie mapema asimame wapi.