Mwendo wa Saa Mbili

Kwa miaka minane Khatibu alipakia mizigo ya wasafiri katika uwanja wa ndege wa Port Reitz, na jioni aliwahesabia wenzake wa Changamwe mwendo. "Nairobi ni maili mia mbili na sitini," angesema barazani. "Treni, usiku kucha. Ndege, saa mbili tu, na chai yako bado ya moto." Hakuna aliyemuuliza habari ya chai ameijuaje.

Mwaka 1947 alipelekwa Nairobi kwa miezi mitatu, kupakia mizigo katika uwanja wa huko. Alikuwa huko mama yake, Bi Barke, alipofariki alfajiri ya Jumanne. Marehemu alikuwa mjane, hakuwa na ndugu wa kiume, wala mwana wa kiume mwingine, na mwanamke hushushwa kaburini na maharimu wake, wanaume wa damu yake. Bintiye, Mwanasiti, akapeleka simu ya maandishi, kisha akamwomba imamu maziko yasiwe adhuhuri.

"Ndege huja saa tisa, maalimu. Kaka atawahi alasiri."

Khatibu aliisoma simu saa nne. Ndege ya saa saba ilikuwa na viti vinane na abiria watatu, wote Wazungu. Akamwendea karani.

"Bwana, nimefiwa na mama. Nikae hata juu ya magunia ya barua."

"Uzito umeshapimwa," karani akasema bila kuinua macho. "Na ukipanda wewe leo, kesho atataka mpishi. Mizigo inakungoja."

Akaipakia. Akaufunga mlango wa ndege kwa mkono wake mwenyewe, akasogea kando, vumbi likampiga.

Saa tisa ndege ilipita chini chini juu ya mapaa ya Changamwe.

"Huyo!" akasema jirani yao Nassor. "Leo mtu wetu kaja kama gavana."

Baada ya sala wakalichukua jeneza hadi makaburini, wakangoja. Kutoka uwanjani ni nusu saa kwa miguu. Ikapita saa nzima, ikazidi. Kila aliyetokeza njiani waliinua shingo kumtazama. Jua lilipokaribia kuchwa, imamu akasimama.

"Maiti hasubirishwi zaidi ya hapa."

Nassor, asiye na damu nao hata tone, akavua viatu akashuka kaburini.

Treni ilimfikisha Khatibu asubuhi ya pili. Mwanasiti alimpokea mlangoni, hakulia.

"Tuliisikia, kaka. Ilipita hapa juu."

"Niliipakia mimi."

"Si ulisema saa mbili?"

"Nilisema ndege, Mwanasiti. Sikusema mimi."

Kisha akaenda kwa Nassor, maana shukrani ile hailazwi. Nassor akainuka kwenye kibao chake, asijue mikono aitie wapi.

"Ahsante, ndugu yangu."

"Nisamehe, Khatibu. Nilimlaza kwa ubavu wa kulia, akaelekea kibla. Alikuwa mwepesi, wallahi. Kama mtoto."

Khatibu akaketi chini, mchangani.

"Nieleze tena," akasema. "Polepole. Tangu ulipompokea."