Kipande cha Bibi Akicheza
Huyo ndiye mkamwana wa bibi, mpiga video za harusi, mfufuaji wa redio iliyozama ndooni na cherehani iliyogoma miaka miwili. Mchana ule kompyuta ya sebuleni ilikataa mara tatu kutoa video ya harusi ya kitindamimba wa bibi, ikikwama kila mara kwenye asilimia tisini, na wageni wa kuitazama walikuwa njiani. Hakufoka. Aliikata video nusu kwa nusu, akiijaribu kila nusu, vidole vikienda taratibu kama anayechambua maharage, mpaka akakinasa kipande kibovu: bibi mwenyewe akicheza.

"Nifute tu, mwanangu."

"Nikufute wewe, mama? Thubutu!"

Akakichukua upya kutoka kwenye kamera, akakipachika, na asilimia mia ikatimia. Bibi akavimba kichwa kana kwamba ndiye aliyemzaa mkamwana huyo. Mkamwana akamsogezea kipanya. "Wageni wakiketi, bonyeza hapa. Mwonyeshaji ni wewe."