Mabati Kumi na Mawili kwa Injini Moja

Nilibadilisha mabati kumi na mawili kwa injini ya mtumbwi, na mtumbwi sina. Wala maji siyapendi. Kivuko kikitoka gatini tu, mimi nashika nguzo, nafumba macho, naanza kutubu. Nyumbani ni Pasiansi, ziwa naliona nikiwa mlangoni, na hapo mlangoni pananitosha.

Yangekuwa mabati yangu ningenyamaza. Yalikuwa ya chumba cha mdogo wangu.

Mdogo wangu ni fundi wa mashine kule Nyakato. Pombe alianza kuinywa kama wengine, baada ya kazi. Ikaja ikamfuata mpaka kabla ya kazi. Mwaka jana alikubali matibabu, akaacha. Ukabaki ukuta. Chumba alichopanga kimepakana na kilabu cha pombe, na kila jioni anamsikia mpaka mtu wa upande wa pili akimeza. Kliniki wakamwambia ahame. Basi mimi na mke wangu tukamjengea chumba uani. Kuta zikaisha, mabati tukayaegemeza kwenye lile jiwe kubwa nyuma ya nyumba, yakamngoja fundi wa kuezeka.

Siku niliyomsindikiza kliniki, muuguzi alichukua karatasi akauchora ukoo wetu: visanduku vya wanaume, miduara ya wanawake. Kila aliyekuwa na historia ya pombe, au ya kutenda kabla ya kufikiri, kisanduku chake kilipakwa wino. Babu akapakwa. Baba akapakwa, maana alipeleka ng'ombe mnadani Misungwi akarudi na kinanda, na kwetu hakuna aliyejua kupiga hata filimbi. Shangazi aliyekubali posa msibani, marehemu hajazikwa, naye hakupona wino.

Muuguzi alitueleza taratibu kwamba hiyo si laana, wala si mizimu tuliyoisahau. Mtu anaweza kurithi breki laini kama anavyorithi pua. Mmoja zinamponyoka kwenye pombe, mwingine kwenye ugomvi, mwingine kwenye mambo ambayo hata jina hayana. Lakini si hukumu, alisema. Mwenye breki laini akae tu mbali na mteremko.

Alipofika kwangu akauliza, na wewe je? Nikamwambia mimi ni mtu wa nyumbani, soda moja naimaliza kwa siku mbili. Nikaongeza, bila kuulizwa, kwamba mambo ya urithi niliyasoma kidato cha nne, yale ya njegere ndefu na njegere fupi, na kwamba mimi ni njegere ya upande wa mama. Kisanduku changu kikabaki cheupe. Mdogo wangu aliikunja ile karatasi akaitia mfukoni, na njia nzima ya kurudi nilimhubiria juu ya kujitawala.

Haikupita wiki. Jumamosi, mke wangu yuko sokoni, jamaa mwenye guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, akasimama getini kuuliza njia. Juu ya guta imelala injini. Nikaigusa. Kinachonipata wakati kama huo sijui nikieleze vipi: naona mambo yote yameshatendeka. Nikawaona wavuvi wangu wanne wakipanda kutoka ziwani, na mimi barazani nagawa sato. Mtumbwi utatoka wapi, swali hilo lilinijia jioni. Jamaa alisema injini inawaka. Hatukuiwasha. Akachungulia kule nyuma, akasema kwa bahati ana jiko la kuezeka. Robo saa haikuisha, mabati yakawa juu ya guta, tena kamba nilimsaidia kufunga mimi mwenyewe. Na njia nikamwonyesha.

Wengine hutoka kwenda kutafuta shari. Mimi huletewa nyumbani.

Mke wangu aliporudi aliitazama injini, akalitazama jiwe. Akaingia jikoni, na sufuria ndizo zilizosema.

Kesho yake mdogo wangu akafika na godoro begani, maana fundi alikuwa aje Jumatatu. Nikamweleza. Nilianza kwa kuisifia injini. Akaketi juu ya godoro lake, akiitazama barabara aliyojia, na hapo ndipo nilipoacha vichekesho. Barabara ile naijua inaishia wapi. Inaishia ukutani. Nikamwambia mabati nitayatafuta, hata iweje. Akatoa ile karatasi mfukoni, akaniomba kalamu, akakipaka wino kisanduku changu, polepole, mpaka kwenye pembe, kama mtoto wa chekechea anayeogopa kutoka nje ya mstari.

"Karibu ukooni, kaka," alisema.

Mke wangu akatoka jikoni, akasema shemeji yake harudi na godoro. Makochi yasogezwe, alale sebuleni. Na kama nafasi haitoshi, anayetoka nje pamoja na injini anajulikana.

Basi akakaa. Wiki mbili sebule yetu ilinuka petroli. Jioni, saa zile ambazo kule Nyakato vikombe huanza kugongana, yeye alikuwa juu ya magunia akiifungua injini nati moja moja. Mwanzoni nati zilimponyoka zikawa zinaviringika chini ya kochi, na mimi mwenye kujitawala kazi yangu ikawa kulala kifudifudi kuzitafuta. Kufikia wiki ya pili zilikuwa hazianguki tena. Ilipowaka, ndani ya pipa la maji, kuku wa mtaa mzima walihama, na jirani yetu, mama wa Kihaya, mwalimu mstaafu, akauliza kutoka ng'ambo ya ua kama Pasiansi tunaipeleka kisiwani Ukerewe.

Mvuvi mmoja kutoka mwaloni, kule samaki wanakoshushwa, akaja akaichukua, akatuachia mabati kumi na mawili, mapya. Maongezi hayo aliyafanya mdogo wangu. Mimi niliombwa nikae chumbani.

Mabati yakaegemezwa kwenye jiwe lilelile, fundi aje kesho asubuhi. Alasiri nikasimama getini kupunga upepo tu. Akapita jamaa na bata mzinga wawili, dume na jike. Nikamuuliza tu wanakula nini. Nikamuuliza tu kama wanazoea watu. Nadhani shingo ilikuwa imeanza kugeuka kuelekea kwenye jiwe nilipomwona yule mama mwalimu ng'ambo ya ua wa minyaa, akiwa kwenye migomba yake na kisu cha kupogolea. Nikamwahi na shikamoo. Marahaba haikuja. Alimtazama mdogo wangu, aliyekuwa uani akipima mbao za paa lake, akawatazama bata mzinga, ndipo akanigeukia.

"Mwanangu, mdogo wako ni wa kuzuiwa kilabuni. Wewe ni wa kuzuiwa getini. Ingia ndani."