Ubao wa Daktari

Akiwa na miaka mitatu alimshika mdogo wake mkono, akatulia kama anayesikiliza mapigo ya moyo. Mama yake akapiga vigelegele hadi majirani wakaja, na tangu siku hiyo mtoto akaitwa Daktari. Suala la kazi likawa limekwisha. Kilichobaki ni kukua.

Akakua. Damu akiiona, anazimia. Leo ana karakana ya makochi nyuma ya nyumba, sponji zimerundikwa hadi dirishani, na jina bado ni Daktari. Wageni wakiuliza, mama yake hujibu bila kupepesa macho: "Udaktari anao. Haya makochi anajishikiza tu." Amejishikiza mpaka mvi zimeota.

Mama kama huyu nimemkuta kila mji nilioishi, na kwa kila lugha ana uhakika uleule.

Daktari aliapa kwamba binti yake hatachaguliwa kazi na mtu. Alimwita Mrithi, basi, kwa mapenzi tu. Akamfundisha kukata kitambaa, maana mikono yenyewe ilionekana ni ya fundi. Hata ubao wa karakana alishauandika upya: "Daktari na Binti."

Binti akamaliza sekondari. Kesho yake alitakiwa kumwambia mwalimu masomo atakayoendelea nayo, kwa hiyo akaja karakanani, akasimama kando ya kochi lililochunwa kitambaa.

"Baba, nataka kusomea udaktari."

Mkasi ukasimama. "Bibi yako kakulazimisha."

"Bibi hajui lolote."

"Basi ni hao rafiki zako. Mwanangu, wewe una kipaji! Ulikuwa mdogo hivi, ukashika stapla..."

"Nikajipiga kidoleni, baba. Wewe ukazimia. Nikajifunga bandeji mwenyewe, halafu nikakupepea."

Bibi, aliyekuwa dirishani muda wote, akaingilia. "Udaktari wa nini tena? Daktari si tunaye?"

"Bibi, huyu ni fundi makochi."

Neno hilo halijapata kutamkwa mbele yake. Bibi akalitazama kochi, akamtazama mwanawe.

"Tangu lini?"

"Siku nyingi, mama."

"Na hamniambii!"

Jioni Daktari akatoka na brashi, akafuta "na Binti". Akarudi nyuma kidogo, akatazama, kisha akafuta na "Daktari" pia, maana jina hilo sasa lilikuwa na mwenyewe.