Dereva Aliyesimama Kwenye Taa ya Kijani

Watu wa reli walimwita Taratibu, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alilipata kwa namna alivyoiondoa treni stesheni, bila mshtuko na bila kugonganisha mabehewa, kiasi kwamba kikombe kilichojaa chai pomoni kingeweza kukaa dirishani kisimwage hata tone. Kwa miaka ishirini na miwili aliendesha treni za mizigo. Kwa miaka kumi na minne kati ya hiyo, kiti cha kushoto kilikaliwa na mtu mmoja tu, msaidizi wake, ambaye wote walimwita Kasuku.

Kasuku naye alilistahili jina lake, maana kazi yake kubwa ilikuwa kurudia. Katika shirika la zamani, kabla halijagawanywa, hakuna dereva aliyeruhusiwa kuyaamini macho yake peke yake. Kila taa ya ishara iliyotokea mbele, dereva aliitaja kwa sauti, na msaidizi aliitazama kwa macho yake mwenyewe, kisha akajibu.

“Kijani.”

“Kijani, nimeiona.”

“Njano.”

“Njano, nimeiona.”

Kanuni ilikuwa wazi kama mchana: dereva asipojibiwa, asimamishe treni. Mgeni aliyepanda kichwa cha treni kwa mara ya kwanza alidhani amekaa na watoto wa chekechea wanaoimbishwa rangi. Lakini kutoka karakana hadi mwisho wa njia kulikuwa na taa mia mbili na sita, na Taratibu na Kasuku waliitikiana katika zote, kwenda na kurudi, mvua na jua.

Kati ya taa na taa walizungumza. Siku hizi Taratibu akikumbuka enzi zile, hakumbuki sana milima wala madaraja. Anakumbuka hadithi za Kasuku zilivyokuwa zikikatwa vipande. “Basi shemeji yangu akasema hatoki... Kijani, nimeiona... hatoki pale mpaka arudishiwe sufuria yake.” Hadithi ya sufuria hiyo ilichukua stesheni tatu na kupishana na treni mbili, na Taratibu alicheka hata machozi yakamtia hofu kwamba hataiona taa inayofuata. Kichwa cha treni kilinuka dizeli, kiti chake kilikuwa kimechanika ubavuni kikashonwa kwa uzi wa magunia, na kiangazi kulikuwa na joto la tanuri. Angeulizwa, angesema hakuna ofisi duniani iliyokuwa nzuri kama ile.

Kisha shirika likagawanywa. Asubuhi moja walikusanywa karakanani, wakasomewa barua. Kutakuwa na kampuni mbili, moja ya abiria na moja ya mizigo, na kila dereva achague mwenyewe na kurudisha fomu yake kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Mishahara ilikuwa karibu sawa. Tofauti ilikuwa katika maisha. Dereva wa mizigo angeendelea kama zamani, na kichwa cha treni kikuukuu, na msaidizi wake, na kulala bwenini siku tatu kila juma. Dereva wa abiria angepewa treni mpya yenye kiyoyozi, angerudi kwake kila jioni, na angekaa peke yake. Kampuni ya abiria haikuchukua wasaidizi.

Katika chumba cha madereva utani ukapamba moto. Wa mizigo waliwaambia wa abiria kwamba watavalishwa tai kama maharusi. Wa abiria wakajibu kwamba afadhali tai kuliko kunguni wa bwenini. Dereva mmoja mkongwe aliweka tiki kwenye mizigo hapohapo, akisema gunia la saruji halijawahi kumlalamikia mtu kwamba amechelewa.

Taratibu hakuweka tiki, ingawa alijua lazima iwe wapi. Mwaka ule binti yao wa mwisho alikuwa ameolewa, na nyumbani ilibaki sauti ya cherehani tu. Mkewe alikuwa fundi wa nguo. Hakuwa mtu wa kulalama, lakini jioni moja alimwambia kwamba akila peke yake anajikuta amesimama jikoni na sahani mkononi, kama mtu anayesubiri kuitwa. Maneno hayo yalimchoma Taratibu. Akamwahidi kuchukua abiria. Kasuku alipoambiwa, alisema tu, “Hiyo ni haki ya shemeji,” na juma zima akawa hasimulii chochote. Alijibu taa, basi.

Kampuni ya abiria ilimtaka kila dereva afanye safari moja ya majaribio. Taratibu alipewa treni tupu, iliyong'aa ndani kama bakuli jipya. Mtahini wake alikuwa mwanamke kijana mwenye daftari, aliyemwamkia kwa heshima, akakaa kiti cha nyuma. Hakuruhusiwa kusema neno mpaka safari iishe. Taratibu aliiondoa treni kwa namna yake, laini kama mtu anayefunika mtoto shuka, na yule mtahini akaandika kitu akitabasamu.

Taa ya kwanza ikatokea.

“Kijani,” alisema Taratibu.

Kimya. Mashine ilinguruma kwa mbali, hewa baridi ikimpuliza shingoni. Akasema tena, kwa sauti zaidi, “Kijani.” Kimya. Na mkono wake, mkono uliofundishwa kwa miaka ishirini na miwili, ukaenda wenyewe kwenye breki. Treni ikasimama, taratibu kabisa, mbele ya taa ya kijani kibichi kama jani la mgomba.

Mtahini alisubiri kidogo, kisha akavunja kanuni. “Mzee, tumesimamia nini?”

“Taa.”

“Ya rangi gani?”

“Kijani.”

“Na kijani tunasimama?”

“Sikujibiwa,” alisema Taratibu, na mara aliposikia maneno yake mwenyewe alitamani reli impasukie aingie.

Mtahini hakucheka. Alimweleza kwamba hapa dereva hutaja taa na kujijibu moyoni, kwamba ana nafasi moja ya kurudia siku ya Alhamisi, na kwamba akishindwa tena yeye hatakuwa na la kufanya.

Nyumbani alijaribu kuficha, lakini mkewe alimsoma kama mita ya umeme. Ikabidi aeleze yote, na katika kueleza ikabidi aeleze pia ile desturi ya kuitikiana, ambayo kumbe hakuwahi kumsimulia. Mkewe alisimamisha cherehani akamtazama.

“Kwa hiyo wewe kule, kila ukisema neno, unajibiwa.”

“Ndiyo kanuni.”

“Miaka ishirini na miwili.” Akatikisa kichwa. “Nami hapa nikikuuliza chakula kikoje, unasema ‘mm’.”

Mkewe alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Alimwambia asimfanye yeye kuwa sababu ya ajali. Kama hawezi kuendesha peke yake, abaki mizigo, naye atazoea kama alivyozoea mengine. Alilisema hilo akiwa ameinama kutafuta sindano ambayo haikuwa imeanguka, na Taratibu aliliona.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumatano, na alikuwa na zamu ya mizigo na Kasuku. Usiku kucha alikuwa amejigeuza kitandani. Alishaona ukweli, kwamba yeye ni nusu ya dereva na nusu nyingine inakaa kiti cha kushoto. Mtu huchagua kampuni anayoiweza. Wakafika kwenye stesheni ndogo wanapopishana na treni nyingine, wakasimama kusubiri. Kasuku akamimina chai.

“Nimekata shauri,” alisema Taratibu. “Nabaki.” Akamsimulia habari ya taa ya kijani, na hakuficha kitu. “Bila wewe kunijibu sina macho.”

Alitarajia Kasuku angefurahi. Dereva akiondoka, msaidizi hupangiwa yeyote, na waliobaki wengi walikuwa watu wa kufoka. Lakini Kasuku alizungusha kikombe mkononi.

“Kaka, nikwambie kitu, usikasirike.”

“Sema.”

“Miaka mitatu hii, mara nyingi nakujibu bila kutazama.”

Taratibu alidhani ni utani. Akasubiri sehemu ya kuchekesha, haikuja.

“Natazama ng'ombe huko nje,” alisema Kasuku. “Natazama kucha zangu. Wewe ukisema kijani, nasema kijani, nimeiona. Hujawahi kukosea hata mara moja. Nitazame ya nini?”

“Tuna mabehewa thelathini nyuma yetu.”

“Najua.”

“Watu wanavuka reli hii. Watoto wa shule wanavuka reli hii.”

“Najua, kaka. Ungekuwa peke yako miaka yote hiyo, ingekuwa vilevile. Wala usingejua tofauti.”

Treni ya pili ikapita kwa kishindo, behewa baada ya behewa. Taa ikabadilika.

“Kijani,” alisema Taratibu.

Kasuku aliinuka kitini, akasogeza uso hadi kwenye kioo, akaitazama ile taa kwa muda mrefu kuliko taa yoyote inavyohitaji. “Kijani,” alisema. “Nimeiona.”

Waliendelea hivyo hadi mwisho wa njia bila neno jingine la ziada. Taratibu alikuwa amekasirika kwelikweli, na kwa hasira ile akawa anapiga hesabu ya taa: mia mbili na sita kwenda, mia mbili na sita kurudi, kwa miaka mitatu. Zote ameziona yeye. Kufika saa kumi hasira ilikuwa imegeuka kuwa kitu kingine ambacho hakuwa na jina lake.

Alhamisi alirudia safari ya majaribio. Kwenye taa ya kwanza alisema “Kijani,” akanyamaza kwa muda ule ambao mtu huchukua kujibu, kisha akapita. Mtahini aliandika, akafunga daftari kabla hawajafika stesheni. Ijumaa Taratibu alirudisha fomu, tiki ikiwa kwenye abiria, na jioni ile alikula na mkewe wakiwa wameketi wote wawili.

Aliendesha treni za abiria miaka kumi na mmoja mpaka akastaafu. Treni hizo zilikuwa nzuri, na siku hazikuwa ndefu. Hakuwahi kuzipenda kama alivyokipenda kile kichwa cha treni cha dizeli chenye kiti kilichoshonwa kwa uzi wa magunia, lakini hilo hakumwambia mtu, na mkewe alilijua.

Kasuku alipangiwa dereva mwingine, mtu wa kufoka kama walivyohofia, akakaa naye miaka minane. Sasa naye amestaafu, na huja Jumapili kumaliza hadithi ambazo taa zilizikatiza. Taratibu hajamuuliza kamwe kama maneno ya siku ile yalikuwa kweli au aliyatunga ili amfungulie mlango. Mkewe hana shaka kwamba yalitungwa. Husema kwamba katika miaka minane ile, na dereva asiyekiamini hata kivuli chake, Kasuku hakuikosa taa hata moja, na mtu asiyetazama hawezi kuwa na bahati ya namna hiyo. Taratibu humsikiliza mpaka mwisho, wala habishi.