Makaburi Mawili ya Mama

Mama alikufa asubuhi katika hospitali ya Malindi, wauguzi walipokuwa wanabadilishana zamu. Nilikuwa nimemshika mguu, maana mkono ulikuwa na sindano ya maji, na niliendelea kuushika hata baada ya kuambiwa kwamba amefariki. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Mimi nilikuwa mke wa mtu, nina watoto wangu, na bado nililia kama mtoto aliyeachwa sokoni.

Muuguzi aliyeingia zamu alikuwa mama wa makamo, Mgiriama. Aliniacha nilie, kisha akaanza kunieleza mambo. Daktari atatia sahihi karatasi, kwa karatasi hiyo tutapewa kibali cha kuzika, baba aje na kitambulisho cha marehemu. Tusimchukue maiti bila ya kibali, hata tukiwa na haraka ya dini, kwa sababu tutakuja kusumbuliwa. Nilimchukia. Mama hajapoa, yeye ananisomea habari za karatasi. Lakini mikono yake wakati ule ule ilikuwa ikimvua mama pete na vipuli, ikavifunga pamoja na kopo lake la tambuu ndani ya kanga, ikanikabidhi. Akanionyesha mahali pa kunawa uso. Nikanawa, na maneno yake nikayarudia kichwani mpaka baba alipofika.

Baba alikuwa mwenye duka la nguo, mtu wa kusikilizwa pale Shella, mtaa wetu wa Malindi. Alisema inna lillahi, akamfunika mama uso, na pale pale akageuka kuwa mtu wa kutuma watu. Wewe kibali, wewe sanda, wewe jeneza, nyinyi vijana nendeni mkachimbe. Kumharakisha maiti ni kumheshimu, na sina neno juu ya hilo. Ila nimewaona wanaume wetu katika misiba mingi, na najua kwamba haraka ile ndiyo njia yao ya kukimbia kilio. Wakisimama tu, kinawakamata.

Mimi nilikuwa na ujumbe. Siku chache kabla, baba alipokwenda kusali, mama alinivuta karibu akaniambia, "Mkanizike Ngomeni, kwa mwanangu."

Mwanawe huyo alikuwa dada yangu mkubwa, aliyekufa kwa homa kabla mimi sijazaliwa. Mama alikuwa kwao Ngomeni na mtoto, baba yuko Lamu katika biashara zake. Watu walizika bila ya kumngoja, na aliporudi, pale pale akamchukua mama akamleta Malindi. Nyumbani kwetu jina la mtoto yule halikutajwa. Nililijua kwa mjomba, si kwa wazazi wangu.

Pale hospitali nilimwambia baba mara mbili kwamba mama ameacha neno. Mara zote mbili alinijibu niende nyumbani, wanawake wananingoja. Nikaenda kwa hasira.

Nyumbani majirani walikwisha kutoa viti na kabati, wametandika mikeka. Jirani mmoja ameleta uji, mwingine ametangaza kwamba jiko letu haliwashwi siku tatu, chakula kitatoka kwake. Usidhani ni jambo dogo. Mwenye msiba hana akili ya kukumbuka kwamba watoto wana njaa. Mtaa ndio uliowakumbuka wangu, ukawalisha, ukawaogesha, na mimi sikuuliza hata wako nyumba gani.

Mama alipoletwa, bibi aliyekuwa akiosha maiti wa kike mtaani akauliza ni nani katika mabinti atakayemimina maji. Nikasema mimi. Maji yalikuwa na majani ya mkunazi yaliyopondwa, na harufu ile mpaka leo siipendi. Bibi alimsemesha mama kama mtu aliye hai, akamwambia, "Geuka kidogo mwenzangu, tumalize." Nilishangaa mama alivyokuwa mdogo. Mtu aliyekuwa akitutisha nyumba nzima kwa kukohoa tu, sasa ninamnyanyua bega kwa mkono mmoja. Nililia nikimimina, na bibi hakunikataza, alisema tu nisikimbize maji.

Tulikuwa tunaifukiza sanda udi niliposikia lori nje. Mjomba alikuwa amefika kutoka Ngomeni. Habari za msiba alizipata kwa dereva wa lori la chumvi la Gongoni, na kwa lori hilo hilo alikuja. Nilimsikia barazani akimpa baba pole, kisha akasema kaburi liko tayari.

Baba akamjibu kwamba ndiyo, vijana wamemaliza kuchimba, tutasali adhuhuri na kuzika.

Mjomba akasema hapana, kaburi la Ngomeni.

Mtu mmoja akacheka cheko la kukosa la kufanya. Maiti mmoja, makaburi mawili. Mama alikuwa amemwambia mjomba vile vile alivyoniambia mimi, na mjomba aliposikia amefariki hakungoja kuulizwa, alichukua jembe. Wala sisi hatukumuuliza. Kila upande ulikwenda mbio kumheshimu mama, na sasa zile heshima mbili zinagombana mlangoni pake. Mjomba alisema dada yake anarudi kwao. Baba alisema mke wake hazikwi mbali naye. Shehe alisema kumsafirisha maiti si jambo la kupendeza, ingawa hakuna ubaya ikiwa njia si ndefu. Sauti zilianza kupanda, na mama yuko ndani kalala ndani ya sanda.

Basi nikatoka. Kanga yangu ilikuwa imelowa maji ya kuoshea, nikasimama barazani katikati ya wanaume, jambo ambalo kwetu mwanamke halifanyi.

"Baba," nikasema, "ni yeye mwenyewe aliyetaka. Anataka kuzikwa na mwanawe."

"Mwana yupi?" akauliza, na kabla sijajibu nikaona amekwisha kufahamu. Alikaa chini. "Alikwambia lini?"

"Pale hospitali."

"Mimi hakunambia."

"Alichelea utaona anakulaumu."

Vijana waliotoka kuchimba walikuwa wamesimama na udongo miguuni, hawajui waangalie wapi. Hatimaye baba alisema wamchukue wampeleke Ngomeni, akaingia mwenyewe kushika jeneza. Ndipo machozi yakamkamata, na hakuyafuta.

Alipelekwa kwa lori lile la chumvi, limetandikwa mikeka. Sisi wanawake tulibaki. Mambo ya Ngomeni nilihadithiwa na mjomba: kwamba baba aliingia kaburini kumpokea mama kwa mikono yake, na watu walipokwisha kufukia na kuomba dua, aliuliza lipi ni la mtoto. Mjomba akamwonyesha, pale pale ubavuni, mawe mawili ya matumbawe. Baba aliyatazama, akasema, "Kumbe ni dogo hivi." Hakuwahi kuliona. Watu walirudi kwenye lori wakamngoja, na hakuna aliyemwita.

Kaburi la Shella lilibaki wazi. Wazee walisema kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu, litaita mwingine. Basi wakatia gogo la mgomba, wakafukia. Mtaa ulilikejeli sana, wakisema marehemu mgomba hana warithi. Lakini baba akazoea kupita pale kila Ijumaa, akisimama na kusoma Yasini. Siku moja nilimwambia, kwa ule ulimi wangu, kwamba anasomea ndizi. Akanijibu kwamba anajua, ila Ngomeni ni mbali na miguu yake si ya zamani, na dua haipotei njia. Niliona haya, nikamletea kahawa.

Miaka ile ya themanini ilipokuwa inakaribia mwisho, baba naye alilazwa katika hospitali ile ile. Safari hii sikungoja. Karatasi nilizijua, kitambulisho chake nilikuwa nacho mkobani, na neno lililobaki nilimuuliza waziwazi: ikifika amri ya Mungu, tumlaze wapi? Kaka yangu alinikaripia, akasema mgonjwa haulizwi hivyo. Nikamwambia anayekwenda kulala ni baba, si yeye.

Baba alitabasamu. "Ngomeni," akasema. Akapumzika kidogo, kisha akaongeza, "Ikiwa mamako ataniridhia."

Nikamwambia ameshamridhia zamani. Sikuwa na hakika, wala sina leo. Alinitazama kwa muda mrefu, halafu akafumba macho akalala.

Tulimpeleka Ngomeni, na mara ile lilichimbwa kaburi moja.