Swali Moja la Chumvi

Wakati wa vita, kabla Mreno hajaondoka, nilikuwa mkalimani katika ofisi ya serikali pale Palma. Kazi niliipata kwa sababu nilisoma madarasa manne kwa mapadri na Kireno kilinikaa mdomoni. Nyumbani walijivunia. Mimi leo sijivunii.

Kila Jumatatu asubuhi waliokamatwa waliletwa kusomewa mashtaka. Hakimu alikuwa mkuu wa wilaya mwenyewe, yule yule aliyeamuru wakamatwe. Alikaa nyuma ya meza akichokoa sikio kwa kifuniko cha kalamu, akikitazama, akikipangusa kwenye suruali. Karani alikaa pembeni na taipureta. Mshtakiwa alisimama peku kwenye saruji, na nyuma yake sipai, askari mweusi wa serikali, mwenyeji wa pwani kama sisi. Wakili sikupata kumwona hata mmoja.

Jumatatu moja aliletwa mama mmoja mjane wa upande wa Olumbi. Alikuwa mkausha samaki. Walimkuta njiani na vikapu viwili vya chumvi. Karani akasoma, nami nikatafsiri.

"Mama, unashtakiwa kwamba ulikuwa unawapelekea chumvi watu wa msituni."

"Watu gani, mwanangu? Mimi nakausha samaki. Waulizeni jirani zangu."

Nikatafsiri lote, sikuacha neno. Mkuu hakuinua macho. "Muulize chumvi ni yake au si yake."

"Anauliza, chumvi ni yako?"

"Ni yangu. Nimeichemsha mwenyewe, siku tatu."

Nikasema ni yake. Nilipotaka kuendelea na zile siku tatu, mkuu akanipungia mkono kama mtu anayefukuza nzi. Inatosha. Karani akanisogezea karatasi na kidau cha wino ili mama atie dole gumba. Hapo ndipo nilipoona. Neno "amekiri" lilikuwa limepigwa chapa tangu zamani. Na chini yake kulikuwa na karatasi nyingine nne, za watu waliokuwa bado wamechuchumaa barazani wakingoja kuitwa. Zote zimeandikwa amekiri.

Nikamshika mama dole. Lilikuwa limepasukapasuka kwa chumvi, wino ukaingia kwenye mipasuko.

"Imeandikwa nini, mwanangu?"

"Imeandikwa umesema chumvi ni yako."

Sijapata kusema uongo mchafu kuliko ule.

Nje binti yake alikuwa akingoja. "Shikamoo kaka. Mama amesemaje?"

"Amekiri," nikajibu. Lilinitoka lenyewe, kama nilivyozoea kulitamka mle ndani.

"Amekiri nini?"

Alinitazama toka kichwani hadi kwenye viatu nilivyopewa na serikali, kisha akageuka akaenda zake. Kesho yake mama akapakiwa kwenye lori la jeshi, akapelekwa gereza la kusini.

Jumatatu iliyofuata niliwahi barazani, nikajifanya nahakikisha majina, nikawanong'oneza wafungwa: "Mkiulizwa kama kitu ni chenu, msianze na ndiyo. Anzeni na kazi yake."

Wa kwanza alikuwa mzee aliyekamatwa na debe la mafuta ya taa. Akaulizwa kama ni lake. "Ni ya taa za msikiti," akajibu. Akaulizwa tena, akajibu vile vile. Mara ya tatu mkuu akakitoa kifuniko sikioni. Sipai akasogea mbele, akasema kwa Kireno kibovu kwamba barazani alimsikia mkalimani akiwafundisha.

Nilipigwa kwenye viganja kwa kile kibao chao chenye matundu, hadi vikavimba kama maandazi, na kazi ikaishia hapo. Mama yangu alinilisha kwa mkono siku nyingi. Ningependa kusema kipigo kile kilinisafisha. Hakikunisafisha. Yule mzee wa mafuta alipelekwa kusini vile vile, na karatasi yake ilisema amekiri.

Mjane alirudi baada ya karibu miaka miwili, amekonda, meno ya mbele hana. Nikaenda kwake. Nilimkuta akigeuza samaki juani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Nikamweleza kwamba maneno yake niliyatafsiri sawasawa, wao ndio hawakuyataka. Aliniacha nimalize.

"Najua ulitafsiri," akasema. "Mimi nilikuuliza karatasi inasema nini."

Nikaomba radhi. Akasema radhi anazo Mungu, akaendelea kugeuza samaki. Binti yake alikuwa amekaa kizingitini. Aliinuka akaingia ndani, na hakutoka mpaka nilipoondoka.